Kasi ya Kusahau

Mlinganyo wangu ulibaki na herufi moja tupu.
Nyingine zote nilizijaza mwezi wa tatu
kule Lwiro, kwenye njia ya mikahawa,
Ntakwinja na wavu wake, mimi na daftari:
wachungu mia mbili na kumi na sita,
waigaji thelathini na wanne,
wote vazi moja, rangi ya kutu,
ncha nyeusi, madoa meupe kama chumvi iliyomwagika.
"Huyu ni yupi?"
"Mwachie ndege aonje," akasema, akacheka.

Ndege ndiye hakimu, na hakimu ana tumbo.
Akimwonja mchungu anatapika, anaapa,
na kiapo chake kinamlinda mchungu
na mwongo pia, anayepita nyuma yake
kama mtoto anayeingia harusini
ameshika upindo wa gauni la mtu asiyemjua.

Lakini waongo wakizidi, hapo mstari unapopinda,
ndege anaonja: mtamu. Anaonja tena: mtamu.
Kiapo kinalegea,
na hata mchungu wa kweli
huraruliwa mbawa kabla hajatemwa.

Nikaandika x, wachungu. Nikaandika y,
anayekula kwenye sahani ya x.
Nikaandika s, kasi ya ndege kusahau,
na s sikuwa nayo.
Nani amewahi kuhesabu siku za kiapo cha ndege?

Umeme ulikatika Kadutu saa kumi.
Nikashuka Nyawera kwa shangazi Cibalonza,
kwenye kijimeza chake cha kubadilisha pesa.
Kidole gumba kinapita juu ya kola
ya yule mzee wa dola hamsini;
anasikiliza kwa ngozi.
Mwezi wa pili walimpiga: noti moja,
laini kama jani la mgomba.
"Tangu hapo hamsini nilizikataa zote,
hata za mapadri."
Kwa siku ngapi?
Akahesabu kwa vidole, akataja mvua,
ada ya shule ya Murhula, msiba wa Panzi.
"Kumi na tisa. Ya ishirini nilipokea,
sikumbuki hata nani aliileta."
Na zingekuwa mbili za uongo?
"Basi leo ningekuwa nauza nyanya."

Kumi na tisa. Nikaiandika kiganjani.
Najua, shangazi si ndege, dola si kipepeo,
profesa atachora duara jekundu na kuuliza chanzo.
Lakini usiku ule, mshumaa ukipinda,
nilizungusha hesabu kwa mkono, hatua kwa hatua,
na makundi mawili yakapanda, yakashuka,
yakafukuzana kwenye karatasi
kama maji yanayozunguka tundu la karo,
hayazami, hayatulii.

Jumamosi shangazi alinipa hamsini
ya kuchapia tasnifu.
Kabla sijasema asante
kidole changu kilikuwa tayari kwenye kola.

Akaniona.
"Na wewe," akasema, "siku ngapi?"