Funguo Ndani ya Soksi

Nina funguo thelathini na moja:
za madarasa, za stoo, za chumba cha boila,
na mmoja ambao hata mimi sijui unafungua nini.
Miaka kumi na tisa zimening'inia kiunoni mwangu,
zikitangulia kunitangaza kila niendako:
huyo Gethin, huyo anakuja.
Nilidhani ni mlio wa kirafiki.

Macsen aliletwa Januari, miaka saba,
pamoja na Lleucu, dada yake, anayetafuna kamba za koti.
Walitoka pwani usiku, na mama yao,
na mfuko wa plastiki uliojaa viatu vitupu.
Hapa Blaenau hatuulizani mengi.
Mvua hunyesha juu ya vifusi vya mawe ya kuezekea,
kila mtu na kofia yake, na njia yake.

Siku ya tatu nilipita ukumbini wakati wa uji.
Bakuli likamponyoka.
Kabla halijatulia sakafuni
alikuwa chini ya meza,
kiganja chake kimeziba mdomo wa dada yake.

Mwalimu mgeni akasema, "Utundu huo. Toka huko."
Eirlys hakusema neno.
Eirlys, anayelipwa siku mbili kwa wiki
kukaa na watoto wasiokalika,
aliketi chini, mgongo ukutani,
mbali kidogo, asiuzibe mlango,
akaanza kumenya chungwa
kama mtu asiye na miadi mpaka Pasaka.
Hakuuliza nini. Hakuuliza nani.
Alitaja tu kila jambo kabla ya kulitenda:
"Sasa nitasimama. Sasa nitafunga dirisha.
Litagonga kidogo; ni upepo."

Jioni akanifuata stoo.
"Si wewe, Gethin. Ni hizo kiunoni.
Baba yao alikuwa na funguo nyingi.
Kutoka getini hadi kitasani zilimpa mtoto
sekunde tisa za kumficha dada yake."

Sekunde tisa.
Nilibaki nimeushika ufagio.
Iko ngazi ya nne, katika nyumba iliyobomolewa zamani,
ambayo mguu wangu huiruka mpaka leo.
Sikumwambia. Nadhani alinisikia nikinyamaza.

Usiku ule nilitafuta soksi ya sufu, ile iliyopotelewa na mwenzake,
nikazitia zote humo.
Kesho yake nikatembea kimya kama mwizi,
Eirlys akatikisa kichwa: kimya cha ghafla nacho kina meno.
Basi sasa napiga mluzi, vibaya, wimbo wowote,
kuanzia mbali.

Msidhani amepona. Jumatatu alimng'ata mtu.
Mama yake anasema bado analala na viatu.

Lakini Alhamisi alisimama mbele yangu.
"Ndani mna nini?"
Nikapiga goti. Nikasema kwanza:
"Nitaifungua soksi. Zitalia.
Ukisema basi, nitaacha."
Akarudi hatua mbili.
Zikalia.
Niliona midomo yake ikihesabu,
macho yako mlangoni, si kwangu,
saba, nane,
tisa.

Kumi.
Kumi na moja.

Lleucu, nyuma yake, akauliza
kama Eirlys amekuja na chungwa.