Chai Mbili, Meza ya Sita

Nimekaa palepale, Mawaleh, mkahawa ulio ubavuni mwa pampu ya mafuta,
kiyoyozi kinanipuliza kisogoni kama zamani,
na hakuna aliyekuja.
Mezani wamebandika kipande cha plastiki
chenye mraba wa madoadoa meusi
kama khanga iliyoliwa na mende.
Kijana wa meza ya pili, bila kuinua kichwa:
"Elekeza simu, mama. Itafunguka."

Ikafunguka.
Chagua lugha, ikaniambia.
Kiarabu. Kiingereza. Kihindi. Kimalayalamu. Kibengali.
Nikashuka kwa kidole hadi chini,
nikapanda tena, huenda nimeiruka.
Haimo.

Moidu alikuwa nayo.
Moidu wa Malabari, miaka kumi na minne na sinia lake la bati,
aliokota Kiswahili chini ya meza zetu
kama alivyookota vijiti vya mishkaki,
kimoja kimoja, vingine vimeungua.
"Shikamoo mama marahaba," kwa pumzi moja,
anaamkia na kujiitikia mwenyewe asitupe taabu.
Alhamisi usiku magari yakipiga honi nje
aliyajua kwa sauti:
huyo mwalimu wa Barka, karaki tatu;
hao watoto wa Bi Ghaniya, wana njaa,
wataapa wameagiza tangu magharibi.

Nilipotoka eda nikaja peke yangu.
Hakusema neno. Pole yake alikwisha kuileta msibani,
kasimama uani kwa wanaume, kofia mkononi.
Alileta kikombe kimoja.
Kiti cha pili hakukiondoa,
alikisogeza kidogo tu,
kama cha mtu aliyekwenda kunawa mikono.

Hii simu haijui.
Nayo si yangu, yangu ilipasuka kioo,
wanangu wakasema chukua ya baba, ingali nzima.
Inang'aa, inachangamka:
Karibu tena, Harith!
Turudie agizo lako la mwisho?
Chai ya maziwa, mbili. Moja bila sukari.
Mkate wa jibini.

Nimebonyeza ndiyo.
Sijui kwa nini.
Najua.

Basi kikaja kigari, kinajiendesha,
kifuani kioo, kwenye kioo uso wa paka
unaopepesa macho na kuimba.
Bibi yangu alikuwa akisema, kwanza uso, ndiyo sahani.
Sawa, bibi, uso huu hapa.
Nikatoa vikombe viwili mwenyewe.
Paka akanishukuru kwa Kiingereza,
akagonga mguu wa kiti, akaomba radhi kwa kiti,
akaenda zake.

Ndipo pazia la jikoni likafunguka.
Siku hizi wamemweka huko nyuma,
anafunga mifuko ya vijana wa pikipiki.
Glavu za plastiki, jasho, na mkononi risiti
ameishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.
"Mama. Karatasi hii imeandika Bwana Harith."

"Kaa, Moidu. Chai inapoa."

Akatazama kamera pembeni ya dari.
Hakukaa.
Alivua glavu moja, akanyanyua kile kisicho na sukari,
akapiga funda, akakunja uso,
"Ya Rabi, hivi ndivyo alivyokunywa miaka yote?"
Nikacheka. Tangu Rajabu sijacheka.
Funda la pili hakulimaliza, kiunoni kitu kikalia
pii, pii, pii,
akarudi kinyumenyume, mkono kifuani,
"Shikamoo mama marahaba,"
na pazia likamfunika.

Kikombe kimebaki nusu.
Simu nayo imewaka tena:
Harith, umeridhika na huduma yetu?
Nyota moja hadi tano.
Swali si langu. Nimeilaza kifudifudi.

Nje gari limepiga honi.
Hakuna aliyetoka.
Limepiga tena, refu,
la mtu anayejua kwamba humu ndani
yumo anayeijua.