Majura Anatembeza Wageni

Shukeni taratibu. Gati la Nansio lina mbao moja
isiyosahau mguu wa mgeni.
Karibuni Ukerewe. Machungwa mtanunua wakati wa kurudi;
huyo mama anayewaita "wanangu"
ni shangazi yangu, na hapunguzi bei.

Hapa ni Bukindo, nyumba ya mtemi.
Hesabuni nguzo. Kila anayekuja huhesabu nguzo
na kila mmoja huondoka na idadi yake.
Ilijengwa mwaka gani? Wiki iliyopita nilitaja mwaka,
bwana mmoja akauandika kwa wino,
tangu hapo naona aibu kutaja mwingine.
Popo wa darini wanaujua, ila hawasemi,
wala hawalipi kiingilio.
Daftari la wageni lile pale. Kalamu
nimeifunga kwa uzi wa nyavu; zilikuwa zinasafiri.

Kesho, ziwa likikubali, tutavuka hadi Ukara
mkalione jiwe linalocheza.
Nawaambia mapema: hucheza likitaka.
Mtalishika, mtaliimbia, mtalipiga picha,
na linaweza kukaa kimya kama mdaiwa.

Dada wa Igoma, mwenye kofia, umeuliza nini?
Nani alibeba haya mawe?

...

Miaka kumi na moja nafanya kazi hii.
Wameniuliza choo kiko wapi,
wameniuliza kama kuna mamba.

Maji ya kukorogea chokaa yalitoka ziwani,
kwa mitungi, kwa vichwa.
Kichwa kimoja kilikuwa cha bibi yangu, Nyangeta.
Alikuwa hajavunja ungo. Malipo yake yalikuwa chumvi,
chumvi ya kujaa kiganja, na kiganja chenyewe cha mtoto.
Nyumba ilipokwisha hakukanyaga tena uwanja huu.
Akienda sokoni, akienda kanisani, akienda kuzika,
alizungukia kule, katikati ya mihogo,
mpaka miguu yake ikachora njia.
Mihogo imepandwa na kung'olewa mara ngapi, sijui.
Hakuna aliyethubutu kuilima ile njia.

Haimo kwenye ziara. Haina kibao, haina bei.
Ni nyembamba, tutapita mmoja mmoja,
na jana mvua ilinyesha.
Vueni viatu.

Wewe dada, tangulia.
Mimi nitakuja nyuma; leo sina la kuelekeza.