Sakitu ya Isongole

Nilikuwa nafunika miche ya kabichi kwa majani ya migomba,
Tusekile akihesabu kuku.
Alikomea wa nne.
Nikageuka: macho juu, mwili moto kama figa.

Nikamfunga mgongoni. Jembe nililiacha limesimama.

Zahanati, muuguzi akatafuta mshipa,
akatazama kucha zangu:
"Mama, umetoka kuzika?"
"Kupanda," nikasema.

Usiku wa pili sakitu ilishuka.
Niliihisi palepale kitandani,
ikipita tuta kwa tuta.
Sikuinuka.

Leo tumerudi. Kabichi zimeungua, nyeusi tii.
Njegere mbili nilizozisahau ukingoni
zimesimama, sijui kwa nini.
Tusekile kachuchumaa, midomo bado mikavu,
anazimwagia chai yake.