Nafasi ya Kuitikia

Kertu amekuja kutoka Tartu na simu yenye chaji tele.
Anaiegemeza mezani, kati ya mkate mweusi na bakuli la matufaha,
imtazame bibi kwa jicho lake moja.
Bibi Nasta anaitupia kitambaa cha vyombo.
"Isikie. Isinikodolee."

Theluji imepanda hadi dirishani.
Kifuani amevaa bizimu ya fedha, pana kama sahani ya supu,
na mikufu inayogongana kila apumuapo.
Kwa ajili ya simu?
"Kwa ajili ya wimbo. Mgeni hapokewi na aproni."

Leelo haina ngoma wala zeze, ina koo tu.
Anayetangulia hurusha mstari, wenzake wakaudaka mkiani.
(Mimi ninayeandika nimehesabu kwa vidole:
mizani nane, kama utenzi wa kwetu.)

     Mama alinipa fedha

Ananyamaza.
Kertu anadhani amesahau, anafungua mdomo amsaidie.
Bibi anainua kidole: ngoja.
Kuni zinatatarika. Saa ya ukutani inakula sekunde zake.

     nikaiweka kooni

Ananyamaza tena.

Pale penye kimya alikaa Okse, sauti kama msumeno.
Alikaa Manni, aliyechelewa daima kwa nusu pumzi.
Veera, aliyejifunza maneno Siberia, kwenye kambi ya magogo,
kwa kunong'onezwa, kwani huko walipekua hata soksi
wasijue pa kupekua wimbo.
Na Olli, aliyezikwa kiangazi ng'ambo ya uzio wa mpaka;
kwenda kumlilia kunataka viza.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Bibi amekinyoosha tu hewani, anawahesabia zamu yao,
kisha anashika yake.

Basi la jioni. Vipokea sauti masikioni.
Dakika arobaini na moja, na nusu nzima ni saa ya ukutani.
Kertu anayo programu ya kukata mapengo, ni kugusa mara mbili:
wimbo utanyooka, utapendeza,
utapewa nambari na kulazwa hifadhini.
Kidole chake kiko juu ya kioo.

     mwizi asije kuona

Saa. Kuni. Saa.

"...je kuona," asema Kertu.
Si kuimba hasa, ni kama mtu aliyekanyagwa mguu.
Mzee wa kiti cha mbele, mwenye kofia ya manyoya, anageuka,
anamtazama, anarudi kwenye gazeti lake.

     na mpaka usikate

"...usikate."
Ameipanda sauti vibaya, na amechelewa nusu pumzi.

Misonobari inapita dirishani, kila mmoja na mzigo wake mweupe.
Zimebaki dakika thelathini na tano
na wanawake wanne wa kuwashikia zamu.
Anairudisha simu mfukoni, bila kuizima.