Duara la Buluu

Usiku wa Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
tulirusha ndege isiyo na rubani juu ya Bayankhoshuu.
Betri tulizipasha kwapani kama mayai.
Zolzaya alihesabu dakika kwa sauti,
kope zake zimeota barafu.

Asubuhi kitongoji kizima kililala mezani kwangu
bila moshi, bila mbwa, bila harufu ya makaa ya mawe:
uwanja mweusi, na juu yake maduara,
mahema ya sufu elfu mbili mia nne na sita,
kila moja liking'aa kwa kadiri ya joto lake.
Jekundu, humo mna moto.
La manjano, mna moto mdogo.
Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusoma.
Kompyuta, kwa utiifu wake usio na macho,
iliandika makazi, makazi, makazi,
hata juu ya tangi la maji.
Nikalifuta tangi.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta pa kupitisha bomba la joto.
Mstari wangu wa kijani ulishuka mlima vizuri,
ukakwepa makaburi, ukakwepa shule,
hadi safu ya kumi na nne, penye duara moja la buluu.
Baridi kama ua uliolizunguka.

Nikaivuta picha karibu. Ikavunjika.
Hema likawa vijiraba,
wala hakuna kijiraba kilichosema ni nani.
Daftari la wakazi lilisema:
Dulmaa, mjane, miaka sabini na tisa, anaishi peke yake.

Mkono ukaniganda juu ya kipanya.

Sosorbaram aliendesha gari kama mtu anayekimbia deni.
Njia niliyoijua kwa picha ya Septemba
sasa ilikuwa ulimi wa barafu,
maji ya kufulia yamemwagwa, yakaganda, yakamwagwa tena.
Tukapanda kwa magoti.
Nilikuwa nimeshaanza kutunga ripoti,
nilikuwa nimefika kwenye neno "marehemu".

Mlango wa rangi ya chungwa. Nikagonga.
Mbwa tu.
Nikagonga kwa ngumi mbili.

"Unavunja mlango wa nani?"

Alisimama na fulana, mikono wazi,
jasho likimtiririka shingoni,
na joto la ndani likanipiga kofi.

Miaka ishirini na miwili kiwandani, akasema, kiwanda cha sufu,
nami nisijue kujifunika?
Tabaka tatu za sufu. Ya nne makoti ya jeshi,
yameshonwa kwa uzi wa manyoya ya ngamia,
na mshono wenyewe umepakwa mafuta ya kondoo.
"Ndoo moja ya makaa, siku mbili.
Moto wangu siutupi nje nikaupashe mwezi."

Kwa jirani, ng'ambo ya ubao,
mtoto alikuwa akikohoa.
Ndoo tatu kwa siku, na bado wanalala na kofia.
Hema lao ndilo lililong'aa kuliko yote kwenye picha yangu,
ndilo nililolitia alama: salama.

Dulmaa aliitazama simu yangu kwa muda mrefu.
"Hili ndilo langu? Mmenichora maiti."
Kisha akauliza kama ndege yetu ilimwona
aliyeiba ngazi yake mwezi wa Novemba.
Haikumwona. Akaguna, akatumiminia chai ya maziwa na chumvi,
hakusema neno jingine mpaka tukaondoka.

Usiku nilibaki ofisini na ufunguo wa ramani,
kile kijisanduku cha pembeni chenye rangi na maana zake,
nikaanza kuugeuza.
Nyekundu: hapa joto linavuja.
Nyekundu sana: anza hapa.

Buluu sikuiandikia kitu.
Kuna buluu ya Dulmaa, na kuna ile nyingine,
na kutoka juu zinafanana.
Nimechapisha orodha, ziko kumi na tisa.
Kesho Sosorbaram atakuja na koleo.
Itabidi tugonge.