Kuanzia Saa Nne Hadi Saa Nane

Fomu ina mistari miwili tu.
Kapteni Bohórquez aliigawa kwa mkono wa kushoto
(wa kulia ni wa kikombe cha kahawa, hauna kazi nyingine)
akasema: Ijumaa, kabla ya paredi.
Chaguo la kwanza. Chaguo la pili. Sahihi.
Kalamu nyeusi, na hakuna kufuta.

Useche, wa kitanda cha juu yangu, alimaliza pale pale.
Anga, ameandika, herufi kubwa kama bango la duka.
Anasema: posho ya urukaji.
Anasema: miaka ishirini, kisha kampuni ya ndege na shati jeupe,
ilhali askari wa miguu hustaafu na magoti ya babu yake.
Useche hasemi uongo. Ndilo linaloniudhi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami niliinama tangu utotoni, kule Ventaquemada,
nikichimbua viazi kwenye udongo mweusi wa baridi,
nikiinua kichwa pale tu helikopta zilipopita
kuelekea mashariki.
Na mtaka cha mawinguni, je?
Mama alijibu bila kuacha jembe: asome hesabu.
Nikasoma hesabu.

Macho nimepita. Masikio nimepita.
Daktari alinizungusha kitini hadi Bogotá nzima
ikawa maji yanayotikisika ndooni; sikutapika.
Akaandika: anafaa.
Kwa kazi ile nyingine hakuna aliyenipima.
Kutembea, yaonekana, kila mtu anafaa.

Kaka yangu Edilberto alitembea.
Asubuhi moja huko Catatumbo
alikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake wa mbele,
na ardhi iliyomsamehe wa kwanza
haikumsamehe yeye.

Ukungu ulikaa bondeni kama mfuniko wa sufuria.
Helikopta ikaja, ikasikika, ikazunguka, ikarudi.
Ikaja tena. Ikasikika. Ikarudi.
Kuanzia saa nne hadi saa nane.
Kisha ukungu ukapasuka, upana wa uwanja wa mpira wa wavu,
na rubani, mwanamke, kibandiko cha kasuku kwenye kofia,
akaishusha mashine tunduni mle
mapanga yakifyeka vilele vya miti.

Miaka minne nimeisimulia hadithi hii
kuwa ndiyo sababu yangu.
Niliisimulia kwenye usaili. Waliitikia kwa vichwa.

Jumapili nilimfuata Tunja, anakouza betri za saa.
Mguu wa plastiki alikuwa ameuvua,
ameuegemeza kwenye kaunta kama mwavuli.
Nikamwuliza habari za rubani.
Uso siukumbuki, akasema. Kasuku tu.
Akamrudishia mteja chenji, akaihesabu mara mbili.
Kisha:
Yule luteni usu, kijana wa Pasto, umri wako wa sasa.
Kichwa changu kilikuwa mapajani mwake muda wote.
Alinieleza jinsi bibi yake anavyochoma simbilisi,
chumvi, jira, kitunguu saumu, mkaa wa namna gani,
akifika mwisho anaanza upya.
Mikono ilimtetemeka. Sauti haikutetemeka.
Nilimchukia kwa ajili ya huyo simbilisi, akasema Edilberto.
Nilitaka nife bila njaa.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Sasa ni Alhamisi, usiku, na Useche anakoroma kule juu,
tayari yuko angani.
Nimekalia sanduku la chuma,
maji ya sukari guru yamepoa kikombeni,
nami najua vizuri kwamba bila mwanamke wa kasuku
habari zote za bibi wa Pasto
zingekuwa hotuba ya mazishi.
Najua. Nimelipiga hesabu hilo kila upande.

Najaribu wino kwenye kiganja. Unaandika.
Kwenye mstari wa kwanza naweka: Miguu.
Herufi ndogo, zimeinama.
Mkono umetikisika kidogo kwenye g,
imetoka na mkia mrefu kupita kiasi,
inagusa mstari wa pili
ambao bado ni mtupu.

Hakuna kufuta.